Wauza muvi Mwanza, steringi akifa nyie mnapungukiwa nini?

Wakuu, uzi huu unamwaga miisho ya muvi kadhaa. Ambaye hajaziona na bado anazitaka, aishie hapa.

Kuna Speak No Evil mbili. Ya kwanza ni ya Denmark, 2022, ya Christian Tafdrup, dakika 97. Ya pili ni ya Marekani, 2024, ya James Watkins, dakika 110. Jina ni lilelile, na kwenye vibanda vya kujazia muvi kuanzia Kirumba mpaka Igoma ukilitaja unawekewa ya 2024 bila swali. Rudi kulalamika uone: "Bosi, hiyo ndiyo mpya, ile nyingine steringi anakufa."

Sasa kufa kwake ndiyo muvi yenyewe!

Familia ya Denmark inajuana na familia ya Uholanzi wakiwa likizo Italia, baadaye inaalikwa kwao. Mama wa wageni hali nyama, mwenyeji anamsogezea kipande mdomoni na yeye anakula kwa kuona haya. Wanapelekwa mgahawani, bili inamwangukia mgeni. Kila kero peke yake ni ndogo, na kila mara wanameza. Kuna usiku wanafanikiwa hata kuondoka, halafu wanageuza gari kwa sababu mtoto kasahau sungura wake wa kuchezea. Mwishoni baba anauliza kwa nini mnatufanyia hivi, anajibiwa kwamba ni kwa sababu mliniruhusu. Hawafungwi kamba. Wanaambiwa wavue nguo, wanavua, wanateremka shimoni kwa miguu yao na kupigwa mawe mpaka kufa. Kile kipande cha nyama cha mwanzo kilikuwa kinaandaa hapo.

Ya 2024 inafuata njia hiyohiyo kwa sehemu kubwa, halafu inageuka muvi ya kujificha, kuviziana na kupigana ndani ya nyumba. Familia yote inatoka hai. Lile jibu wamelibakiza, ila limekuwa pambo tu: utamwambiaje mtu "mliruhusu" wakati yuko njiani kukushinda? Kinachoniudhi zaidi, Watkins huyuhuyu ndiye aliyetengeneza Eden Lake mwaka 2008, muvi ambayo mwisho wake hauna chembe ya huruma. Kwa hiyo kazi anaiweza.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. George Sluizer alitengeneza Spoorloos mwaka 1988: mwanamke anapotea kwenye kituo cha mafuta, mpenzi wake anamtafuta miaka mitatu, mtekaji anajitokeza na kumpa kahawa yenye dawa, kunywa ndipo utajua yaliyompata. Anakunywa. Anaamka ndani ya sanduku, chini ya udongo, basi. Mwaka 1993 Sluizer huyohuyo akairudia Hollywood kwa jina la The Vanishing, na Jeff Bridges na Kiefer Sutherland ndani, na safari hii jamaa anafukuliwa! Michael Haneke naye aliirudia Funny Games yake ya 1997 mwaka 2007, kwa Kiingereza, na Naomi Watts na Tim Roth, karibu picha kwa picha, na mwisho hakuugusa. Kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba ukishatengeneza kwa Kiingereza lazima steringi apone.

Nije kwenu wauzaji. Muvi za giza mnaziua mara ya pili.

Faili mmelibana mpaka MB 300. Programu ya kubana hutupa taarifa nyingi kwenye sehemu zenye giza, kwa hesabu kwamba jicho halioni sana huko. Mteja akiona giza anapandisha mwanga wa TV, na hapo viboksi vyote vinajitokeza ukutani nyuma ya mwigizaji. Dawa si kupandisha mwanga: weka TV kwenye hali ya Cinema au Movie, zima kontrasti inayojibadilisha yenyewe, zima na ile ya kulainisha mwendo. Kama unatumia kompyuta kwa waya wa HDMI na weusi unaonekana kama majivu, au kinyume chake nywele na koti jeusi vimekuwa doa moja, angalia mpangilio wa rangi: kutoka weusi mpaka weupe, upande mmoja unasoma 0 mpaka 255, mwingine 16 mpaka 235. Vilinganishe.

Kibanda umiza saa tisa mchana chini ya bati lenye matundu ndiyo usiseme. Projekta haina uwezo wa kutupa weusi, weusi wake ni rangi ya shuka likiwa halijapigwa mwanga. Chumba kikiwa na mwanga, hakuna usiku kwenye hiyo muvi.

Madijei wa kutafsiri sina ugomvi nao kwenye muvi za ngumi. Kwenye hii ya Tafdrup, dijei akishusha sauti ya muvi ili aongee, anazamisha ule muziki mzito uliowekwa juu ya picha tulivu kabisa, na huo ndio unaokwambia kuna kitu hakiko sawa.

Wanaotaka ya 2022 na sabtaito: faili la srt (lile la maandishi ya sabtaito) lipewe jina lilelile la video na likae folda moja. Maneno yakiwahi au kuchelewa kwa kiasi kilekile muda wote, programu ya VLC inarekebisha kwa kubonyeza G au H. Yakianza sawa halafu yakazidi kupishana, usihangaike na hizo, sabtaito imetengenezwa kwa fremu 25 kwa sekunde na video yako ni ya 23.976. Kwa dakika 97, mwishoni tofauti inafika kama dakika 4. Tafuta nyingine.

NYONGEZA: Mnaosema James McAvoy, yule mwenyeji wa ya 2024, kaigiza vizuri, ndiyo, kaigiza. Ila ukichaa wake unaonekana mapema mno, ndiyo maana wageni wanaonekana wajinga kubaki. Fedja van Huêt, mwenyeji wa ya 2022, anakera kama shemeji aliyekuja kukaa wiki mbili, huwezi kumfukuza na huna ushahidi wa kumshtaki.

Na mwenye kibanda aliyejibu kwamba wateja wanadai hela zao steringi akifa: sawa, uza unachouza, lakini andika mwaka kwenye jina la faili.