Latensi ni "ucheleweshaji"? Mimi nakataa

Mleta mada

Wakuu, nahariri tafsiri ya mwongozo wa mifumo ya kompyuta na neno moja limenikwamisha siku tatu. Kila palipo na latensi, yaani muda unaopita tangu uombe kitu hadi uanze kukipata, mtafsiri ameandika "ucheleweshaji". Nimelifuta kila mahali. Nisikilizeni kwanza kabla hamjanirukia.

Ili kitu kichelewe, lazima kuwe na saa iliyowekwa. Basi limechelewa kwa sababu lina ratiba. Mgeni kachelewa kwa sababu aliahidi saa nne. Ucheleweshaji ndio mzito zaidi, maana hapo yupo aliyechelewesha. Sasa mwanga ndani ya waya wa kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Tuma ujumbe umbali wa kilomita 1,000, hautafika kabla ya milisekunde 5 hata ukeshe ukiomba. Nani kauchelewesha?

Kiswahili kilishatenganisha mambo haya zamani. Wahenga walisema "kawia ufike", hawakusema "chelewa ufike". Walipotaka kulaumu ndipo wakasema "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Kukawia ni kuchukua muda, basi. Tunasema fulani hakawii kukasirika, na hakuna aliyempangia saa ya kukasirika! Napendekeza UKAWIAJI, kwenye miongozo, vitabu vya shule na mikataba. Anayepinga aje na hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Siku tatu mkuu? Andika latensi, maisha yaendelee. Kompyuta tuliichukua ilivyo, intaneti vilevile, na lugha haijafa. Sisi wacheza gemu tunasema "ping iko juu" na kila mtu anajua utapigwa risasi na adui ambaye hujamwona bado. Na ping yenyewe ni jina la programu tu, Mike Muuss aliiandika mwaka 1983. Leo ni jina la kipimo cha latensi yenyewe, na hakuna kamati iliyokaa.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mmeruka asili ya neno. Ni la Kilatini, latere, kufichika. Halina kuchelewa ndani yake, na kukawia pia halina.

Mimi ni mtu wa maabara, kwetu neno hili lina kazi nzito kuliko gemu. Mtoto anaugua tetekuwanga, anapona. Virusi havitoki mwilini, vinajibanza kwenye mishipa ya fahamu, na vinaweza kukaa humo miaka 40 au 50 kabla ya kuibuka kama mkanda wa jeshi. Kwa wengi haviibuki kabisa. Hapo mleta mada utasema virusi vimekawia? Vimekawia kwenda wapi? Vimejificha tu. Kifua kikuu ni hivyohivyo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kama robo ya watu wote duniani wameambukizwa bakteria wake, na wengi wao hawataugua kamwe.

Kuna na kosa jingine ambalo hata wenzangu wanalifanya. Kipindi cha kuatamia kinahesabiwa tangu kuambukizwa hadi dalili zionekane. Kipindi fiche kinahesabiwa tangu kuambukizwa hadi mtu aweze kuambukiza wengine. Kwenye UVIKO-19 kile cha pili kiliweza kuisha kabla ya kile cha kwanza, ndiyo maana watu waliojiona wazima waliusambaza. Ukiviita vyote "kuchelewa kwa dalili" umeshapotosha. Mimi nasema MUDA FICHE, kwenye tiba na kwenye kompyuta pia.

Mleta mada

Kwenye ugonjwa nimekuelewa, nakuachia. Lakini kwenye kompyuta nani kaficha nini? Muda unapimwa, namba ipo kwenye skrini.

Mchangiaji wa tatu

Namba ipo kwenye skrini? Ngoja nikae vizuri, hii ndiyo kazi yangu.

Kwanza, kinachoonyeshwa mara nyingi ni wastani, na wastani ni kichaka kizuri cha kujifichia. Chukua seva, yaani kompyuta inayojibu maombi ya kompyuta nyingine, ambayo katika maombi 100 inajibu 99 haraka na moja inalibana sekunde nzima. Utasema asilimia moja tu, si tatizo. Sasa tengeneza ukurasa ambao ili ufunguke lazima upate majibu 100 ya namna hiyo. Piga hesabu: 0.99 ijizidishe mara 100, unabaki na 0.37 hivi. Maana yake katika kila watu 100 wanaofungua ukurasa huo, kama 63 watakutana na ile sekunde nzima, na ripoti yako bado inasema mfumo uko safi.

Pili, foleni. Ruta, kifaa kinachopitisha data mtandaoni, huwa na bafa, mahali pa kuwekea vifurushi vya data vinavyosubiri zamu. Kumbukumbu ya kompyuta iliposhuka bei, watengenezaji wakaziweka kubwa kupita kiasi, wakidhani wanatusaidia. Matokeo yake mtu mmoja akipandisha video, vifurushi vya mwenzake anayepiga simu ya intaneti vinapanga mstari nyuma. Hakuna kinachopotea, kwa hiyo hakuna kengele inayolia. Mhandisi Jim Gettys alianza kulipigia kelele jambo hili mwaka 2010, na mpaka leo ukipima laini ikiwa haina mtu unapata jibu zuri la uongo.

Kwa hiyo muda fiche upo kwenye kompyuta, dada wa maabara ana haki. Ila mleta mada, hata "ucheleweshaji" uliufuta kwa pupa. Setilaiti iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta: swali kupanda na kushuka, jibu kupanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde. Huko ni kukawia, nakubali, hakuna wa kumlaumu. Lakini foleni ya bafa iliyojazwa, au seva moja iliyobebeshwa kazi ya seva tano, huo ni ucheleweshaji wa wazi na aliyeufanya ana jina na cheo. Ukiandika "ukawiaji" kote unamsafisha mtu mwenye kosa.

Tena wapo wahandisi wanaoita latensi ule muda tu ambao ombi limekaa linasubiri kuhudumiwa, na safari nzima wanaiita muda wa majibu. Hao wako karibu na Kilatini kuliko sisi sote.

Mleta mada

Hoja ya foleni imenipiga, sina pa kutokea. Nimerudi kwenye mwongozo. Palipoandikwa kwamba kuongeza seva kunapunguza latensi, nimerudisha "ucheleweshaji". Kwenye nyaya na setilaiti nimeacha "ukawiaji".

Kwenye mikataba bado sitikisiki. Ukiandika "ucheleweshaji usizidi milisekunde 50", wakili wa upande wa pili atauliza: kuanzia saa ipi iliyoahidiwa? Na 30 kati ya hizo zikiwa ni umbali mtupu, umeshamtoza mtu faini kwa sababu ya mwendo wa mwanga.

Sasa kuna jedwali ukurasa wa 112. Safu moja tu, imejumlisha safari, foleni na kazi ya seva yenyewe, na mwandishi hakuzitenganisha popote. Hiyo safu niipe kichwa gani?

Mchangiaji wa kwanza

Latensi.