Tupeane uzoefu: picha ya zamani ya kichwa cha treni ya moshi na waliokuja kukitazama

Binti wa Kota
Habari za jioni ndugu zangu. Tumemaliza arobaini ya baba, na kwenye sanduku lake la bati nimekuta picha ya mkanda, nyeusi na nyeupe, stesheni ya Voi, nyuma kaandika 1971. Garratt, kile kichwa kikubwa cha treni ya moshi, imesimama inatiwa maji. Mbele yake watoto peku, wamama na vikapu vyao, na kijana wa shati jeupe kaweka mkono kwenye gurudumu kama anampapasa ng'ombe wake. Huyo ndiye baba. Ubavuni panasomeka Mount Shengena. Nimelia. Mwenye kumbukumbu za vichwa hivi atupe.

Mpare wa Same
Shengena ni mlima wetu, Pare Kusini. Pole sana dada.

Mzee wa Makupa
Pole mwanangu. Hizo ndizo Garratt za aina ya 59. Zilikuwa 34, zimeundwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Tani 250 na ushei juu ya reli ya upana wa mita moja! Boila katikati, tangi la maji mbele, mafuta nyuma, magurudumu mafungu mawili ili ikate kona. Ikipanda Mazeras usiku, ardhi yote inahema nayo.

Kaka Mariakani
Mafuta? Babu alikuwa akitupia makaa kwa koleo.

Mzee wa Makupa
Si kwenye 59. Hizo zilichoma mafuta mazito.

Kaka Mariakani
Babu yangu hakuwa mwongo, mzee.

Mzee wa Makupa
Sijamwita mwongo. Vichwa vilikuwa vingi. Muulize alifanyia kipi.

Mama Neema
Acheni hayo. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto kama hao, Voi hiyo hiyo. Nilikuwa na miaka saba, tumetoka Moshi na mama, tumebadilisha treni kwenda Nairobi. Akaniambia nisibanduke behewani. Nikashuka. Nikaenda mpaka mbele kabisa, joto lake linanipiga usoni, ule mvuke na mafuta hata leo nikipita gereji navisikia. Dereva akanipungia mkono. Ikalia honi, nikadhani nasalimiwa.

Mabehewa yakaanza kunipita. Kwenye dirisha la daraja la tatu nikamwona mama kainama, ananitafuta chini ya viti. Nilipiga kelele hadi koo likauma, lakini kichwa kikivuta vile husikii hata sauti yako mwenyewe.

Stesheni masta alinikuta kwenye kokoto. Akapiga simu stesheni za mbele. Mkewe akanipa uji, sikuunywa. Mama aliteremshwa Tsavo, usiku ule, kule kule simba walikokula wajenzi wa reli mwaka 1898. Alikaa kwenye benchi na kanga moja mpaka treni ya kushuka Mombasa ikamrudisha alfajiri. Hakunipiga. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unatazama nini?" Nikamwonyesha kichwa kilichomleta, cha aina ile ile. Tukasimama wawili, tunakitazama.

Mpare wa Same
Mama Neema, umenimaliza.

Kaka Mariakani
Nami pia. Mzee Makupa, samahani. Nimempigia mama, anasema babu alikuwa kwenye vichwa vidogo vya kupanga mabehewa.

Fundi Picha
Dada, usiivalishe plastiki ya moto, itaungua. Tafuta negativu, hiyo ndiyo mali. Ishike pembeni, usiiguse katikati.

Jirani wa Taveta
Mimi zangu nimezibana ndani ya Biblia miaka 30, ziko salama. Ipeleke studio waitie rangi.

Fundi Picha
Rangi ya nini? Muacheni mzee alivyo. Na karatasi ya kitabu inaweza kuigeuza manjano.

Mzee wa Makupa
Mwanangu, Mount Shengena bado ipo. Iko makumbusho ya reli Nairobi, pamoja na mwenzake wa 59, Mount Gelai. Nenda ukaweke mkono pale alipoweka yeye.

Binti wa Kota
Sikujua. Mama anasema twende naye. Nimechukua kioo cha kukuzia nahesabu magurudumu nijue ni lipi.