Detroit ya kizamani kwenye pikapu: 4-53, 4-71 au 6V53?

Mchoma Chuma
Habari wakuu. Niko Ohio, nina Ford F-350 ya 1986, ile injini ya petroli ya lita 7.5 nimeshaitoa. Nataka Detroit Diesel ya mipigo miwili. Zinauzwa tatu huku: 4-53 ya trekta la kuburuta magogo, 4-71 ya boti, na 6V53 ya deraya la M113. Gari ni la kazi za shamba na kuvuta trela, barabara kuu mara mojamoja. Nichukue ipi?

Spana Mkononi
4-53. Ni lita 3.5 na uzito wake ni karibu kilo 500, kwa hiyo hata hiyo itakudai springi nzito za mbele. 4-71 inakaribia kilo 800, hilo ni la lori mkuu. 6V53 ina nguvu, deraya lilikuwa nayo ya farasi 212, ila ni pana. Pima nafasi ya ekzosi pande zote mbili kabla hujatoa hela.

Dada Dizeli
Halafu ya boti uliza inazungukia upande gani. Boti za injini mbili mara nyingi hufungwa moja ya kulia, moja ya kushoto. Ukiangukia ya kushoto, pikapu itakuwa na gia moja ya mbele na nne za rivasi 😂

Lita kwa Lita
Mnamtia hasara. Dizeli ya Cummins 4BT, ya silinda nne, ni nyepesi, inakula kidogo na spea zipo.

Mchoma Chuma
Najua mkuu. Lakini 4BT haina ule mlio. Nishauri ndani ya Detroit.

Mzee Gavana
Mlio unatokana na silinda kuchoma kila mzunguko, ndiyo maana ikiwa mizunguko 1,800 kwa dakika unadhani iko mara mbili. Gavana, yaani kidhibiti cha mizunguko, ya hizi 4-53 na 6V53 kwa kawaida inaishia 2,800, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwa difu yenye uwiano wa 4.10 na tairi la inchi 32, bila overdraivu (gia ya juu ya kupunguza mizunguko), km 110 kwa saa inataka kama 2,950. Haitafika. Tafuta giaboksi ya NV4500, gia yake ya tano ni overdraivu ya uwiano wa 0.73, utatembea kwenye 2,150 hivi.

Ukienda kuiona, usidanganyike na kuwaka tu. Fungua vifuniko vya chumba cha hewa ubavuni mwa bloku, zungusha injini kwa mkono, utaona ringi za pistoni na slivu (kuta za silinda) kupitia matundu. Sukuma ringi kwa kijiti. Isiyorudi imeganda au imekatika. Slivu yenye michirizi, shusha bei au ondoka.

Mchoma Chuma
Shikamoo mzee. Na ikianza kukimbia yenyewe, mizunguko ikipanda bila kuzuilika?

Mzee Gavana
Marahaba. Kama inachoma oili yake inayovuja kwenye sili za blowa (pampu ya kuingiza hewa), kukata dizeli hakusaidii, unaizima kwa kuziba hewa. Hakikisha kile kibati cha dharura juu ya blowa kipo na kinafunga. Usikijaribu ovyo injini ikiwa mbio, kinaweza kunyonya sili zilizokuwa nzima. Na oili weka SAE 40 ya gredi moja, ile 15W-40 ya dukani achana nayo.

Dada Dizeli
Mkuu, ukishafungua hivyo vifuniko tuwekee picha za slivu kabla hujalipa.