Kisanduku cha vita: kirefu, kifupi, au jedwali la tarehe?

Mwalimu_Kamalondo (Lubumbashi)
Jambo wote. Nafundisha historia sekondari, na jioni nahariri makala za kamusi elezo ya Kiswahili pamoja na wanafunzi sita. Tumefika kwenye kujitenga kwa Katanga, 1960 hadi 1963, tukakwama kwenye kile kisanduku cha pembeni. Nina sampuli tatu.

A ni kirefu: tarehe, mahali, sababu, pande, makamanda, idadi ya askari, hasara, matokeo. B ni kifupi: tarehe, mahali, pande, matokeo, basi. C haina kisanduku, ina jedwali tu: 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, anatangaza kujitenga, 28 Agosti 1961 Umoja wa Mataifa unakamata maofisa wa kigeni wa jeshi la Katanga, 13 Septemba mapigano kati yao yanaanza, 18 Septemba Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, anafariki, ndege yake imeanguka karibu na Ndola, Januari 1963 Katanga inarudi chini ya Kongo.

Mimi naelekea A. Anayesoma kwenye simu mara nyingi anaishia kwenye kisanduku. Mnasemaje?

Papa_Likasi
Mwalimu, A ni nzuri kwa pigano moja. Chukua Jadotville, 13 hadi 17 Septemba 1961: kampani moja ya Waireland wa Umoja wa Mataifa, watu kama 155, kamanda Pat Quinlan, wamezingirwa, maji na risasi vimeisha, wamejisalimisha, hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Kila mstari unajaa. Waliokufa upande wa Katanga, vitabu havikubaliani. Hapo acha wazi. Namba ya kukisia ikishaingia kwenye kisanduku, watoto wanainakili mpaka inageuka ukweli.

Ila vita vizima havikai humo. Kule kaskazini vijana wa Balubakat, chama cha Wabaluba wa Katanga, walikuwa wanapigana na jandarma, yaani askari wa Tshombe, tangu 1960. Utawaweka safu moja na Umoja wa Mataifa? Hawakuwa jeshi lao, wala hawakupokea amri zao.

Na mahali andikeni "Jadotville (leo Likasi)", "Elisabethville (leo Lubumbashi)". Majina yalibadilishwa 1966. Ukiandika Lubumbashi peke yake kwa 1961, mtoto akikuta hati ya zamani atadhani ni mji mwingine.

Binti_Kadutu (Bukavu)
Papa, naheshimu, lakini kifupi nacho kinaficha watu. Niliandika Bukavu 1967, pale Schramme, mamluki Mbelgiji, na wapiganaji wake walipoushika mji tangu Agosti hadi Novemba, kisha wakavuka kwenda Rwanda. Nilitumia B. Nikasoma tena: "Mamluki dhidi ya jeshi la Kongo." Wengi wa wapiganaji wake walikuwa Wakongo, askari wa Katanga! Maneno mawili yamewafuta wote. Nikarudi kwenye A, nikawapa mstari wao chini ya mamluki. Kisanduku kikawa kirefu, sawa, lakini msomaji sasa anaona nani hasa alikuwa kwenye mahandaki.

Kijana_Birere (Goma)
Dada, hapo hukuhitaji A. Ulihitaji mstari wa pande ulioandikwa vizuri, na huo hata B inao.

Jaribuni vita vya siku sita vya Kisangani, 5 hadi 10 Juni 2000. Safu ya kushoto Rwanda, ya kulia Uganda, majeshi mawili ya kigeni ndani ya mji wa Kongo. Mwenye nyumba iliyopigwa bomu hana safu. Ukiandika "hasara" chini ya kila jeshi, yeye hayupo kabisa. Mimi niliongeza mstari wa chini unaopita safu zote mbili: "Raia waliouawa: kati ya 244 na 760, kwa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010." Namba zote mbili, na nani kasema. Mhariri mmoja alitaka nichague moja, nikakataa.

Matokeo ndiyo yanayoleta ugomvi. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni ninayoipenda: andika nani kashinda, au hakuna mshindi, au mpeleke msomaji kwenye sehemu ya matokeo ndani ya makala. "Ushindi mkubwa", "ushindi wa kimaadili", hakuna. Hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya 2022, Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325, ni ya ndani ya makala. Inagusa vita vizima vya Uganda ndani ya Kongo, si siku zile sita tu.

Mwalimu_Kamalondo
Nimewasomea wanafunzi majibu haya. Mmoja alinyamaza, halafu akasema bibi yake alilala miezi kwenye kambi ya wakimbizi Wabaluba hapa mjini mwaka 1961, chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, makumi ya maelfu ya watu kwenye vibanda vya majani na mabati. Akaniuliza: "Mwalimu, bibi namuandika mstari gani?" Katika sampuli zangu tatu hakuna mstari wake.

Kwa hiyo nabadilisha. Makala ya vita vizima itakuwa na B, nikiongeza mstari wa Kijana: "Raia", waliouawa na waliokimbia. Jadotville na mapigano mengine yapate A. Jedwali la tarehe litaingia ndani ya makala. Balubakat wanapata safu ya tatu, kiolezo cha kisanduku kinaruhusu.

Kesho naweka rasimu hapa. Papa Likasi, nakuomba uniangalilie majina ya miji. Binti Kadutu, mstari wa pande ni wako.