Prabhavatigupta wa Wavakataka: malkia aliyetawala kwa jina la nani?

Mdadisi wa Tanga
Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma habari za falme za kale za India na nimekwama kwa Prabhavatigupta, mke wa Rudrasena wa Pili, mfalme wa nasaba ya Wavakataka waliotawala upande wa Nagpur ya leo. Vitabu nilivyonavyo vinampa sentensi moja tu: alikuwa binti wa Chandragupta wa Pili, mfalme mkuu wa Wagupta, akaozwa ili falme mbili zipatane, mumewe akafariki mapema, naye akashika utawala kwa niaba ya watoto. Je, alitawala kweli, au alikuwa mkono wa baba yake ndani ya nyumba ya wakwe? Na kuna neno lake mwenyewe lililosalia?

Msoma Nyaraka
Ndugu Mdadisi, neno lake lipo, tena limechongwa kwenye shaba. Hati inayojulikana kwa jina la Pune, iliyoandikwa kwa Kisanskriti mwanzoni mwa karne ya 5, ni amri ya kumpa kijiji mwalimu wa dini aliyeitwa Chanalasvami, na aliitoa malkia huyu akiwa Nandivardhana, mji mkuu wa Wavakataka. Mwanawe mkubwa, Divakarasena, anaitwa humo mrithi wa kiti, si mfalme, ingawa huo ulikuwa tayari mwaka wa 13 wa utawala huo wa mama yake. Muhuri wa hati hiyo unasema wazi kwamba hiyo ni amri ya mama wa mrithi. Miaka 13 ni mingi mno kwa mtu anayeshikilia kiti kwa muda tu, na kwa muda wote huo aliyeamua nani apewe ardhi alikuwa yeye.

Lakini kinachonigusa zaidi ni jinsi anavyojitambulisha. Kwa desturi, hati ya Wavakataka ingeanza kwa kuwataja wafalme wa Kivakataka, baba baada ya baba. Yake inaanza na Wagupta: Ghatotkacha, Chandragupta wa Kwanza, Samudragupta, kisha baba yake. Anamtaja pia mama yake, Kuberanaga, aliyetoka katika ukoo wa Wanaga, na anajiita wa gotra ya Dharana, yaani ukoo wa upande wa baba yake, ingawa mwanamke aliyeolewa alitazamiwa kuhesabiwa katika gotra ya mumewe. Baada ya yote hayo ndipo anaposema kwamba yeye ni malkia mkuu wa Rudrasena.

Mwalimu wa Historia, Morogoro
Nakubaliana na Msoma Nyaraka kuhusu maandishi, ila naona hayo hayo yanaipa nguvu shaka ya muulizaji. Hata umbo la herufi za hati hiyo linafuata mtindo wa kaskazini, wa makarani wa Kigupta, badala ya herufi zenye vichwa vya kisanduku, yaani zenye umbo la kisanduku kidogo juu yake, ambazo Wavakataka walizipenda. Rudrasena mwenyewe, ambaye wazee wake walikuwa waumini wa mungu Shiva, anatajwa kuwa alipata baraka zake kwa Vishnu, mungu wa nyumba ya mkewe. Ushawishi wa Wagupta ulikuwa mkubwa, na sioni sababu ya kuupunguza kwa kuwa tu tunampenda malkia huyu.

Msoma Nyaraka
Mwalimu, hoja yako ni nzito, nami siikatai kuhusu miaka ya mwanzo. Hata hivyo tusiishie kwenye hati ya Pune. Ipo ya pili, ya Riddhapur, iliyotolewa katika mwaka wa 19 wa utawala wa Pravarasena wa Pili, mwanawe mwingine. Wakati huo mwanawe alikuwa mfalme kamili, kwa hiyo hapakuwa tena na mtoto wa kutawaliwa kwa niaba yake. Lakini mama bado anatoa ardhi kwa amri yake mwenyewe, na bado anajiita wa gotra ya Dharana. Kama mamlaka yake yangekuwa ya kushikia kiti tu, yangekoma siku Pravarasena alipotawazwa.

Hati hiyo haikutolewa mjini, bali miguuni pa Bwana wa Ramagiri, yaani katika mahali patakatifu pa Vishnu juu ya kilima ambacho leo kinaitwa Ramtek, kaskazini-mashariki ya Nagpur. Katika uzee wake alikuwa mtu wa ibada hapo.

Mdadisi wa Tanga
Nawashukuru nyote. Nimeona mahali fulani kwamba aliishi zaidi ya miaka 100. Ni kweli?

Mwalimu wa Historia, Morogoro
Dai hilo linatokana na neno moja refu katika hati hiyo hiyo ya Riddhapur, ambalo linataja miaka 100 pamoja na wana na wajukuu. Wapo waliolisoma kuwa umri wake, na wapo wanaolisoma kuwa ni sifa ya baraka, kwamba ana wana na wajukuu wa kuishi miaka 100. Mimi nafuata usomaji wa pili, kwa sababu maneno ya kuombea uzao maisha marefu yanalingana zaidi na mama wa wafalme aliyemzika mume mapema, na ambaye mwanawe Divakarasena, baada ya miaka yote ile ya kuitwa mrithi, haonekani popote akiitwa mfalme.