Ankara imefikisha siku 47: je, bado ningoje?

Swali
Habari zenu. Ninafanya kazi za tafsiri kwa mkataba, bila kuajiriwa na mtu. Nilikabidhi kazi pamoja na ankara, na leo ni siku ya 47. Mkataba unasema tu kwamba nitalipwa "kazi ikishakubaliwa", bila kutaja tarehe, na kila ninapouliza naambiwa kwa upole kwamba ankara iko kwa wahasibu. Je, huu ni muda wa kawaida, au ninapigwa kalenda?

Jibu la 1
Pole sana. Muda uliozoeleka ni siku 30 tangu ankara ipokewe. Kampuni kubwa huweka hata 60, na huwezi kulalamika ikiwa ulizikubali kabla ya kuanza kazi. Kinachokuumiza ni hilo neno "ikishakubaliwa", kwa kuwa mkataba hausemi nani atakubali wala lini. Jiji la New York liliziba pengo hilo kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2017: mkataba usipotaja tarehe, mfanyakazi huru hulipwa ndani ya siku 30 baada ya kukamilisha kazi. Hata kama sheria hiyo haikuhusu, inakupa kipimo, na kwa kipimo hicho umecheleweshewa.

Jibu la 2
Nimekaa idara ya uhasibu miaka mingi, na naweza kusema kwamba ankara inayosemekana "iko kwa wahasibu" mara nyingi haijawahi kutufikia. Inakuwa kwenye barua pepe ya aliyekuagiza kazi, au imekwama kwa sababu haina namba ya agizo (namba ambayo kampuni huipa kazi inapoiagiza), na hakuna aliyejisumbua kukuarifu. Usiulize utalipwa lini. Uliza iliingizwa kwenye mfumo tarehe gani na nani aliidhinisha.

Muulizaji
Nimeuliza hivyo hivyo. Kumbe haikuingizwa kabisa, kwa kukosa namba ya agizo ambayo wao wenyewe hawakunipa! Sasa wanataka nitume ankara mpya, ili siku 30 zihesabiwe kuanzia leo.

Jibu la 2
Usikubali. Itume ile ile, kwa namba na tarehe yake ya mwanzo, ukiongeza namba ya agizo tu, na uambatanishe barua pepe yako ya kwanza. Kosa ni lao, kwa hiyo waombe waiweke kwenye awamu ya malipo inayofuata.