Gereji ya Tanga imetoboa milango ya V8 yangu kwa skrubu na kunipaka rangi namba 040 badala ya 070

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, wapenda lugha laini mtaniwia radhi.

Gari ni Land Cruiser 200 (ndiyo hiyo V8), nyeupe ya lulu. Bodi yake haina shida yoyote. Shida ilikuwa kwenye plastiki za nje tu: mikanda ya milango minne (zile plastiki ndefu za ubavuni) imechubuka na klia yake, lile koti la juu linaloonyesha, imeanza kunyanyuka kwa jua na chumvi (naishi Raskazone, bahari ipo mlangoni), na plastiki za juu ya tairi zilikuwa zimepasuka kwa kokoto za njia ya Pangani. Hizo za tairi nikanunua mpya Kariakoo, zile nyeusi zinazokuja hazijapakwa rangi. Kazi niliyowapa gereji ni hii: fungueni mikanda, ipakwe ikiwa nje ya gari, pakeni na hizi mpya za tairi, rudisheni. Sikuomba kunyooshewa bodi, sikuomba gari zima lipigwe rangi.

Nimelipa laki tisa na nusu. Kwenye karatasi yao wameandika kwa mwandiko wao wenyewe: kufungua na kufunga, klipu mpya, praima ya plastiki (rangi ya chini ya kushikia), rangi 070, klia na hadena (dawa ya kuigandisha klia). Kila kimoja na bei yake pembeni. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakuna, nikaambiwa "mashine ina tatizo la mtandao, bosi". Hiyo orodha ikae kichwani mwenu maana ugomvi wangu na hawa watu upo humo.

Nimekabidhiwa gari baada ya magharibi, chini ya taa ya gereji, limeoshwa linameremeta. Asubuhi nimelitoa getini, jirani yangu mzee mmoja mstaafu wa bandari akasimama na kikombe chake cha chai, akalizunguka, akaniuliza: "Mwanangu, hii milango umebadilisha?"

Gari lina nyeupe mbili. Mikanda ya pembeni na plastiki za tairi ni nyeupe kavu ya ukutani, milango yenyewe ina ule mng'ao wake wa lulu. Ukisimama mbele ya gari hutaona sana. Sogea ubavuni, jua la saa tatu likipiga, utadhani kuna mtu kalipitisha gari langu katikati kwa chokaa.

Kwa wasiojua: Toyota wana nyeupe nyingi, na hizi mbili ndizo zinazochanganywa kila siku. 040 ni nyeupe tupu, isiyo na chembe ndani. 070 ni kitu kingine kabisa, inajengwa kwa safu tatu: chini nyeupe, katikati safu nyembamba yenye chembe za maika (madini yanayometameta), juu klia. Ile ya katikati ndiyo inayoleta mng'ao, na ndiyo inayotesa mafundi, kwa sababu ukiipiga mikono miwili, yaani kuipitia mara mbili, unapata rangi moja, ukiipiga mikono minne unapata nyingine. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hupiga kwanza kwenye vijikadi vya majaribio, kimoja mkono mmoja, kingine miwili, kingine mitatu, anavikausha, anavipeleka kwenye mlango juani anachagua kilichofanana. Tena vipande akivipaka nje ya gari anavitundika vikiwa vimesimama vilevile vitakavyokaa garini, maana chembe zikilala vibaya mng'ao unageuka. Na namba ya rangi haitafutwi kwa macho. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko, panapoandikwa C/TR ndipo ilipo. Kwangu imeandikwa 070 na herufi hazijafutika.

Nikarudi. Fundi rangi ananijibu bila hata kuweka chini chapati yake: "Bosi, nyeupe ni nyeupe, hiyo ikipigwa jua wiki mbili tatu itafanana tu."

Rangi ya gari siyo embe, shekhe, haiivi juani! Hiyo ni 040, mmechukua mabaki ya kazi ya mtu mwingine mkanipiga nayo, na kwenye karatasi mmeandika 070 mkanitoza bei ya safu tatu. Nikamwambia nionyeshe kopo. Kopo hakuna. Nionyeshe karatasi ya duka waliochanganya kwa kompyuta. Hakuna. "Rangi ilinunuliwa na kijana mwingine, leo hayupo."

Ningeishia hapo ningekuwa na uzi mfupi. Sasa njooni kwenye mikanda.

Mikanda ile imeshikwa kwa vitu viwili, klipu za plastiki zinazoingia kwenye matundu ya mlango, na tepu ya pande mbili. Kuitoa siyo ufundi wa kwenda kusomea Japani. Unaipasha joto kwa mashine, hata ile ya kukaushia nywele ya saluni inatosha, tepu inalainika, halafu unapitisha mshipi wa kuvulia nyuma ya mkanda unaukereza mbele na nyuma mpaka gundi inakatika. Kwenye klipu unatumia kipande bapa cha plastiki cha kubinulia, siyo chuma. Hapa Tanga! Mji ambao ukishuka Deep Sea kwa wavuvi mshipi wa kila unene unaukuta umetundikwa mlangoni! Hawa wameingiza bisibisi bapa kati ya mkanda na mlango wakabinua. Mlango wa mbele kulia una vidonda viwili vya bisibisi, bati limebonyea kidogo na rangi imetoka mpaka kwenye praima ya kiwandani. Klipu zikakatika, bila shaka, klipu za gari la umri ule ni kavu, zinakatika hata kwa mtu mstaarabu. Ndiyo maana nililipia mpya.

Mpya hazikuwekwa. Wamechukua skrubu za bati, zile za kupigia mageti na mabati, wakatoboa mkanda kwa drili mpaka mlangoni, wakakaza, juu ya kichwa cha skrubu wakapaka puti (ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi) na rangi. Nimegundua kwa sauti. Nashusha kioo cha nyuma kushoto, nasikia krrr. Nikapandisha, nikashusha tena, krrr. Nikaweka tochi: kioo kina mstari mrefu mweupe umekwaruzwa kutoka chini hadi karibu na katikati, umenyooka kabisa. Ncha ya skrubu imetokeza ndani ya mlango, kila kioo kikishuka inakichora. Kidole ukikipitisha kwenye ule mstari kucha inanasa. Mkwaruzo wa hivyo hausuguliki ukaisha, hicho ni kioo cha kununua.

Na hayo matundu. Bati la mlango kiwandani limepakwa zinki, juu yake praima ya kuzuia kutu, ndiyo rangi. Ukipitisha drili umekata vyote mpaka kwenye chuma kitupu, na hakuna aliyepaka hata tone la kitu cha kuzuia kutu. Kwa upepo wa bahari wa huku mnajua kinachofuata. Mlango mmoja tayari una chozi la kahawia linashuka chini ya mkanda, na masika bado.

Plastiki za tairi sasa. Nilipeleka gari kuoshwa, kijana akapiga pampu kwenye tairi la mbele kushoto, rangi ikaruka kipande cha ukubwa wa kiganja. Kijana wa watu akaanza kuomba msamaha, anatetemeka, anafikiri kaharibu V8 ya mtu. Nikakiokota kile kipande. Kinapinda bila kukatika, na upande wake wa chini ni laini kabisa unang'aa. Plastiki ilikotoka ni nyeusi tii, haina alama ya msasa hata moja. Maana yake nini? Wamechukua plastiki mpya, wakaifuta kwa petroli (harufu niliisikia nilipopita kuangalia kazi), wakapiga rangi juu.

Plastiki hizo ukizigeuza nyuma zimeandikwa PP, yaani polipropilini. Polipropilini haikubali kushikwa na rangi hivihivi, ndiyo maana viwandani huipitishia moto kidogo au hupaka kwanza praima maalumu ya plastiki inayoifanya rangi ing'ate. Utaratibu ni sabuni na maji, kisha dawa ya kutoa mafuta, kisha msasa, kisha kutoa mafuta tena, ndiyo praima hiyo, ndiyo rangi. Mafuta yanatolewa kabla ya msasa ili msasa usije ukayazika ndani. Na kwa hiyo praima nimelipia, ipo kwenye karatasi, mstari wa tatu.

Mengine sitayamaliza: vumbi la rangi kwenye raba za vioo, ukanda wa nikeli wa mlango wa nyuma umepakwa nyeupe nusu, na vitundu vidogovidogo kwenye klia vinavyotoka pale mtu asipomwaga maji ya kompresa kwenye mji wenye unyevu kama huu. Vidogo hivyo ningevimeza.

Niliyeshindwa kummeza ni mwenye gereji. Kaja, kalizunguka gari, kashika kiuno, kaniambia, na namnukuu: "Mzee, tatizo lako milango ndiyo haifanani na mikanda. Lete milioni mbili na nusu tulipige gari zima hiyo nyeupe, litakuwa moja." Yaani bodi yangu ya 070 ya kiwandani, isiyo na kosa, niifute ili ifanane na makosa yao! Nikamuuliza kuhusu skrubu, akasema skrubu ni imara kuliko klipu, nimshukuru.

Sina ugomvi na fundi asiyejua. Angeniambia "kaka, rangi ya safu tatu siiwezi, peleka Dar", ningempa hela ya soda na nikamheshimu. Hawa hawakushindwa kazi. Mtu anayeandika "klipu mpya" halafu akachukua skrubu anajua klipu ni nini na inauzwa wapi. Anayeandika "praima ya plastiki" anajua kwamba plastiki ina praima yake. Orodha ile ameiandika mtu anayeijua kazi vizuri, akatoza kila hatua, kisha akaziruka zote. Huo ni wizi wenye mwandiko.

NYONGEZA: Naona mchangiaji wa kwanza kaniuliza V8 unaipelekaje chini ya mwembe. Ndugu yangu, soma kabla ya kubonyeza. Siyo chini ya mwembe. Kuna ukuta, kuna geti, kuna bango lenye picha ya gari la Kijerumani, kuna chumba cha rangi chenye pazia la nailoni. Mafundi wa chini ya mwembe nawafahamu Ngamiani wanaopiga rangi vizuri kuliko hawa, na mmoja wao ndiye aliyenithibitishia hizo skrubu.

Mwingine anasema niwaachie Mungu. Mungu nitamwomba, na hela zangu nitazidai. Sheria ya Ushindani ya 2003 ina sehemu inayomlinda mlaji, na mahakama zipo. Kabla ya huko nawapa nafasi: Jumatatu naenda na ile karatasi, picha, kile kipande cha rangi nimekitia kwenye mfuko wa nailoni, na yule fundi wa Ngamiani kama shahidi. Ninachodai nimekiandika: hela ya klipu, ya praima, ya 070, kioo cha mlango wa nyuma kushoto, na kuzibwa matundu ya milango kwa gharama zao lakini kwa fundi nitakayemchagua mimi. Kazi ya kufungua na kufunga siidai, maana kufungua kweli walifungua.

Kwa anayeuliza picha, nazipandisha usiku, mtandao sasa hivi unasumbua. Na mwenye kuuza kioo cha kushoto nyuma cha LC 200 kilichotumika, kisicho na mkwaruzo, aje inbox na bei. Dar au Tanga, popote. Chenye tinti sitaki.